Jinsi ya kuandika ukoo wenu Disemba hii, tukijifunza kwa ukoo wa Obama

Disemba inakaribia na Wachaga ndo hao tunarudi nyumbani, stendi ya Moshi itajaa mpaka pakose pa kukanyaga, tukifika tutachinja, mbege itanyweka, picha zitapigwa, halafu Januari tunashuka mjini na hakuna hata mmoja aliyemuuliza bibi mama yake aliitwa nani. Naomba mwaka huu tubadilike. Mi nimefuatilia ukoo wa Obama kwa muda mrefu na naona ndo mfano mzuri kwa mtu anayetaka kuanza, kwasababu ule ukoo ulikatika katikati, baba huku mama kule, na bado wameuunganisha mpaka mababu wa mbali kabisa.

Kitu cha kwanza, anza na wanawake. Najua wengine mtabisha. Kwetu ukoo unahesabiwa kwa wanaume tupu, fulani wa fulani wa fulani, na wake wanatajwa kwa namba tu, mke mkubwa, mke wa pili, basi. Sasa muangalie Obama. Kazaliwa tarehe 4 Agosti 1961 Honolulu, baba yake ni mwanafunzi Mjaluo aliyefika Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959, mama yake ni Ann Dunham mzaliwa wa Wichita, Kansas. Mwaka 1962 baba akaenda Harvard kuendelea na masomo, 1964 wakaachana, na baada ya hapo mtoto alikuja kumuona baba yake mara moja tu, 1971, akiwa na miaka 10. 1982 baba akafa kwa ajali ya gari Nairobi. Yaani kwa hesabu zetu za kiume huyu mtoto angekuwa hana historia kabisa, lakini wanawake waliibeba: mama yake, bibi yake Madelyn kule Hawaii, dada yake Auma, na Mama Sarah wa Kogelo, Siaya. Kabla hajaanza kusoma sheria Harvard mwaka 1988 alisafiri mpaka Kenya, akakaa chini na Mama Sarah, mama anasimulia kwa Kijaluo na Auma anatafsiri, habari za babu yao Hussein Onyango aliyekuwa mpishi wa Waingereza na za waliomtangulia.

Na hapa pana jambo watu wengi hawalijui, Mama Sarah hakuwa mama mzazi wa baba yake Obama. Mzazi ni Habiba Akumu. Sarah alikuwa mke mwingine wa mzee Onyango na ndo aliyemlea yule mtoto. Kwahiyo ukiandika ukoo wenu weka mistari miwili, aliyezaa na aliyelea, na kila mke muandike kwa jina lake, kwao ni wapi na alitoka ukoo gani. Kama bibi yako alitoka Rombo akaolewa Machame basi ukoo wako una mguu Rombo, usiukate.

Namna ya kumuuliza sasa. Usiende kama karani wa sensa na daftari mkononi. Nenda mapema kabla nyumba haijajaa watu, shikamoo bibi, beba sukari na majani ya chai, msaidie kumenya ndizi, mazungumzo yaje yenyewe. Muombe ruhusa ya kurekodi halafu simu uiweke mezani uisahau. Kama anaongea Kichaga vizuri kuliko Kiswahili muache aongee Kichaga, utamtafuta shangazi akutafsirie baadae, kama Auma alivyofanya. Mi bibi yangu mzaa mama nilimlazimisha Kiswahili, akawa anajibu mafupimafupi, ndio, hapana, sikumbuki, na mwaka uliofuata hatukuwa naye tena. Inaniuma mpaka leo.

Miaka usimuulize kwa namba, muulize kwa matukio. Wakati wa uhuru ulikuwa umeshaolewa? Ulikuwa na mtoto mgongoni, yupi? Uhuru wetu ni tarehe 9 Disemba 1961, kwahiyo mtoto aliyekuwa na miezi minne siku ile ni rika moja na Obama. Azimio la Arusha ni 1967, mwaka huohuo Obama alihamia Indonesia na mama yake aliyeolewa tena na Lolo Soetoro. Vita ya Kagera ni 1978 mpaka 1979. Kwa wazee wa nyuma zaidi tumia reli kufika Moshi 1911, au Wajerumani kumnyonga Mangi Meli, mtawala wa Moshi, mwezi Machi 1900, hiyo hata aliyesimuliwa tu na baba yake anaikumbuka. Na ukikuta miaka miwili inagombana usichague unaoupenda, andika yote. Hata baba yake Obama, mtu aliyefika Harvard, sehemu nyingine utakuta kazaliwa 1934 na nyingine 1936.

Majina ndo yanapoteza watu zaidi. Obama alipokuwa mdogo aliitwa Barry, na Indonesia shule iliandika Barry Soetoro, kwahiyo mtu anayetafuta Barack Obama kwenye daftari la ile shule hamuoni. Kwetu ni hivyohivyo, mtu ana jina la ubatizo, jina la Kichaga, na la ukoo linaandikwa Massawe huku na Masawe kule. Andika yote unayoyasikia hata la utani. Halafu angalia jina linarudi wapi, kwetu mtoto wa kwanza wa kiume mara nyingi anachukua jina la babu mzaa baba, kwahiyo ukimjua mjukuu unaweza kukisia babu. Hata hilo Obama lilikuwa jina la baba yake Onyango, yaani jina la mtu mmoja wa kijijini ndo limekuja kuwa la familia nzima mpaka Ikulu ya Marekani.

Baada ya wazee nenda kwenye karatasi, na usianzie serikalini, anzia kanisani. Kilema misheni ilianza 1890, Kibosho 1893, na Walutheri walifika Machame mwaka huohuo 1893, kwahiyo kama kwenu ni watu wa misheni muulize katibu wa parokia au usharika kama vitabu vya zamani vya ubatizo na ndoa vipo, nenda kwa adabu na jina la mtu pamoja na miaka ya kukisia. Rejista za kanisa ndo zilisaidia kuonyesha kuwa Obama kwa upande wa mama yake anatokana na Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu wa Moneygall, Ireland, aliyehamia Marekani 1850. Mei 2011 Obama akaenda pale kijijini mwenyewe, akapokelewa kama mtoto wa nyumbani. Umeona, upande wa mama tena.

Mwisho zungukeni kihambani, yaani shamba la ukoo, wote pamoja na mzee mmoja anayejua. Makaburi yenye sementi piga picha maandishi, yale yenye masale tu, ile mimea ya kuwekea alama, muulize kalala nani na umuandike palepale, kwasababu hayo ndo yakisahaulika yamesahaulika. Usiku uleule kabla hujalala sikiliza ulichorekodi, andika, uliposhindwa weka alama ya kuuliza, asubuhi rudi kwa bibi na chai uulize tena.