Ukienda Kwale kwa mashua, chagua siku kwa mwezi

Nimejifunza hili baada ya kwenda kisiwa cha Kwale mara mbili kutoka Fumba, Zanzibar: kabla ya kulipia safari ya siku nzima ya visiwani, angalia kwanza tarehe ya mwezi mwandamo. Chukua siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu baada yake. Siku hizo maji hupwa sana kati ya saa nne asubuhi na adhuhuri, kwa hiyo fungu la mchanga linakuwa wazi na pana unapofika, mnaweka vivuli na kuogelea pembeni bila haraka. Mkishakula samaki na pweza wa kuchoma pale Kwale, maji yanakuwa yamerudi, na ndipo lile ziwa dogo katikati ya mikoko linapoogeleka vizuri. Ukienda siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: asubuhi maji yamejaa, fungu ni dogo au limefunikwa kabisa.

Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, basi ukisogea siku tatu, ongeza saa mbili na nusu kwenye saa ya maji kupwa.

Vaeni viatu vya maji, maana wakati wa bamvua huenda mkatembea mbali kwenye mawe na viumbe wa baharini wenye miiba hadi kwenye mashua.

Hesabu hii haisaidii upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, hasa Juni hadi Agosti. Hapo msikilize nahodha, hata akisema safari iahirishwe.