Mama kijacho, haya ya kunyonyesha yajue kabla mtoto hajafika

Wengi tunajiandaa na nguo za mtoto, kitanda, jina, afu kunyonyesha tunaona ni kitu kitakachojipa chenyewe. Maziwa ndo yanajipa kweli, mwili unajua kazi yake, ila kumshikisha mtoto titi vizuri ni kitu cha kujifunza, wewe unajifunza na yeye anajifunza, na mnajifunza hivyo mkiwa wote mmechoka. Kwa hiyo soma sasa hivi ukiwa bado na akili iliyotulia, maana wamama wengi wanaoacha mapema hawaachi kwa kukosa maziwa, wanaacha kwa sababu siku zile za mwanzo hakuna aliyewaambia kipi ni cha kawaida na kipi sio.

Tuanze na matiti yenyewe, hapa kazi ni ndogo. Usisugue chuchu na taulo eti uzikomaze, haisaidii na unaweza kujichubua, na sabuni usiipeleke sana pale kwa sababu vile vipele vidogo kwenye duara jeusi la chuchu vinatoa mafuta yake ya kulinda ngozi. Maji tu yanatosha. Kama chuchu zako ni bapa au zimeingia ndani usikate tamaa, mtoto ananyonya titi sio chuchu peke yake, ila mwambie nesi au mkunga mapema ili siku ya kwanza akusaidie. Mwambie pia kama umewahi kufanyiwa operesheni ya matiti, kama una kisukari, au kuna dawa unazotumia kila siku. Na kama unaishi na VVU usisubiri hadi ujifungue, panga na kliniki sasa hivi jinsi ya kumlisha mtoto, ukiwa unameza dawa zako vizuri na virusi vimefubaa hatari ya kumwambukiza kupitia maziwa inashuka sana.

Sasa maziwa. Toka katikati ya ujauzito matiti yanaanza kutengeneza dang'a, yale maziwa ya mwanzo mazito ya njano. Kuna anayeona matone kwenye sidiria na kuna asiyeona kitu kabisa mpaka anajifungua, wote wako sawa. Dang'a ni kidogo kweli, sa ingine kijiko kimoja cha chai kwa mnyonyo mmoja au hata chini ya hapo, na hapa ndo watu wanapotishana "mtoto hashibi huyo mpe kitu", wakati tumbo la mtoto siku ya kwanza ni dogo mno, kile kidogo ndo saizi yake na kimejaa kinga. Usiikamue ukaimwaga jamani. Maziwa mengi yanaingia kati ya siku ya 2 na ya 5, baada ya operesheni au uzazi mgumu yanaweza kuchelewa kidogo, na yakiingia matiti yanajaa yanakuwa mazito na ya moto, nyonyesha mara nyingi yatalegea.

Kitu cha kuomba mapema kabisa, mwambie mkunga wako na atakayekuwa na wewe siku hiyo, ni mtoto awekwe kifuani kwako ngozi kwa ngozi mara tu anapozaliwa na aanze kunyonya ndani ya saa 1 ya kwanza. Shirika la Afya Duniani ndo wanavyoshauri, afu maziwa ya mama peke yake bila hata maji miezi 6, baadaye chakula kingine huku unaendelea kunyonyesha hadi miaka 2 au zaidi. Ukijifungua kwa operesheni inawezekana pia, utahitaji tu mtu wa kukushikia mtoto na mkao usiogusa kidonda, mfano mtoto apite ubavuni chini ya kwapa lako, au ulale kwa ubavu.

Kumshikisha titi ndo penyewe hapa, nisome taratibu. Mgeuze mtoto mwili mzima akutazame, tumbo lake kwenye tumbo lako, sikio bega na nyonga viwe mstari mmoja, asigeuze shingo tu (jaribu wewe kumeza maji umegeuza shingo uone). Mlete yeye kwenye titi, usiinamie wewe, mgongo utakuua. Pua yake iwe usawa wa chuchu, mguse mdomo wa juu na chuchu, subiri afungue mdomo waaazi kama anapiga miayo, hapo hapo mvute kwako haraka kidevu kikitangulia. Akishika vizuri kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umebinuka nje, mashavu yamejaa hayajabonyea, na lile duara jeusi linaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Mkono wako ushike mabega na shingo, usimkandamize kichwa kwa nyuma maana atakataa na kulia. Siku za mwanzo unaweza kuhisi kama anavuta kwa nguvu sekunde chache afu inapoa, ila maumivu yanayoendelea mnyonyo mzima au chuchu ikitoka imebanwa bapa maana yake hajashika vizuri. Usivumilie! Ingiza kidole kisafi pembeni ya mdomo wake aachie, anza upya, hata mara nne.

Usinyonyeshe kwa saa ya ukutani. Mtoto mchanga ananyonya kama mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana, na jioni anaweza kung'ang'ania titi masaa mfululizo, hiyo sio dalili kwamba maziwa yameisha. Kadri anavyonyonya ndo mwili unavyotengeneza, na kunyonya usiku kunasaidia sana maana homoni ya kutengeneza maziwa inapanda usiku. Muangalie yeye, akianza kugeuza kichwa, kutoa ulimi, kupeleka mikono mdomoni, mpe. Akishafika kulia amechelewa, mtulize kwanza kifuani ndo umpe.

Utajuaje anashiba? Angalia nepi, kulia peke yake kusikuamulie. Siku ya kwanza anakojoa angalau mara 1, ya pili mara 2, inapanda hivyo hivyo, kuanzia siku ya 5 ni mara 6 au zaidi, na choo kinatoka kwenye cheusi cha kunata kinakuwa cha njano laini. Uzito unashuka kidogo siku za mwanzo, ikikaribia asilimia 10 nesi lazima aangalie anavyonyonya, na wengi wanarudi kwenye uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki 2.

Vitu vya kununua ni vichache, sidiria laini isiyo na waya ya kufungulia mbele (nunua mwishoni mwa ujauzito), vitambaa vya kuweka ndani yake, chupa yako ya maji maana kiu inakuja ghafla ukinyonyesha. Pampu inaweza kusubiri mpaka ujue unaihitaji, na kukamua kwa mkono jifunze kliniki, ni bure na kunasaidia matiti yakijaa.

Kikubwa kuliko vitu ni watu. Kaa na baba mtoto na yeyote atakayekaa na wewe, wasome haya pia, mkubaliane mapema kwamba mtu akisema "maziwa hayatoshi" wanaangalia nepi na kumpigia nesi kabla ya kukimbilia kopo. Baba anaweza kubadilisha nepi, kumbeba mtoto acheue, kukuletea chakula, na kuwaambia wageni warudi siku nyingine. Na kama itabidi umuongezee maziwa mengine kwa ushauri wa daktari, umuongezee bila kujilaumu, huku unaendelea kumweka titini na kukamua.

Mwisho, andika kwenye simu namba ya mkunga au kliniki na mambo ya kukufanya uwapigie siku hiyo hiyo: titi lina sehemu nyekundu ngumu inauma na una homa (endelea kunyonyesha titi hilo huku unaenda kutibiwa), nepi hazifiki idadi, mtoto ana usingizi mzito mpaka haamki kunyonya, au ngozi na macho yake yanazidi kuwa ya njano.