Jinsi ya kukusanya katalogi za zamani za minada ya sarafu za kale ukiwa Kampala

Ukishika katalogi ya zamani ya mnada, yaani kile kitabu kinachoorodhesha sarafu zitakazouzwa, usianze kusoma, nenda nyuma kabisa uhesabu kurasa za picha. Zile za miaka ya 1890 mpaka 1930 hivi, nyingi picha zote zimewekwa mwishoni, na mara nyingi ukurasa wa mbele unakuambia ziko ngapi. Mimi nilinunua moja ya Ujerumani, nikalipa posta, nikalipa ushuru, kuifungua nakuta kurasa 4 zimekatwa na wembe. Iliniuma sana. Siku hizi namwomba muuzaji anipigie picha kila ukurasa kabla sijatuma hata shilingi.

Na kwa nini nasumbuka na picha hivo? Sarafu za Wagiriki na Waroma ziligongwa kwa nyundo, moja moja, so kila moja ina ufa wake, ukingo wake, kichwa kimeenda pembeni kidogo, hata zikitoka kwenye muhuri mmoja (kile chuma cha kugongea picha) hazifanani kabisa. Sarafu inayouzwa leo ukiikuta kwenye katalogi ya 1905 basi umejua ilikuwa sokoni mwaka ule, na hiyo ina uzito kwa sababu tangu Mkataba wa UNESCO wa 1970 makumbusho mengi yanataka ushahidi kwamba kitu hakikuchimbwa juzi kwa wizi. Ila kumbuka enzi zile walikuwa wanapiga picha nakala ya plasta mara nyingi, sio sarafu yenyewe, kwa hiyo utalinganisha umbo tu, rangi na kutu hutaviona.

Majina ya wauza mnada utakayokutana nayo sana ni Jacob Hirsch wa Munich, Sotheby wa London, na Naville wa Geneva, wale waliouza mkusanyo wa Pozzi, daktari wa Kifaransa, mwaka 1921, sarafu za Kigiriki zaidi ya 3,000. Usikimbilie katalogi hizo kubwa. Chagua eneo moja. Mimi nilichagua Misri ya wakina Ptolemy, wale wafalme wa asili ya Kigiriki, kwa sababu Nile ni hii hii inayotoka Jinja, na nikiona tai wao nyuma ya sarafu nafurahi kila siku. Kijerumani na Kifaransa visikutishe, maelezo yanajirudia rudia, Kopf na tête ni kichwa, Adler na aigle ni tai, maneno 30 yanakutosha kuanza.

Kabla ya kununua angalia kama ipo bure, Chuo Kikuu cha Heidelberg kimeweka nyingi sana kwenye intaneti, pakua ujifunze nazo kwanza alafu pesa yako iende kwa nakala yenye kitu ambacho ile ya bure haina. Mfano nakala ambayo mtu aliyekaa mnadani aliandika bei kwa penseli pembeni ya kila loti (kitu kimoja kimoja kinachonadiwa), na wakati mwingine jina la mnunuzi. Hiyo nalipa zaidi bila kubishana, na usije ukafuta ile penseli ukidhani ni uchafu!

Kutunza: mvua za Machi mpaka Mei ndo adui, pamoja na mchwa na mende wanaokula gundi. Weka kwenye kabati la chuma, mbali na ukuta, zisimame, usizifunge kwenye nailoni maana zitatoa ukungu. Pini za zamani zinazoshika kurasa zikianza kutu zitoe polepole, ushone kwa uzi wa pamba kupitia matundu yale yale.