Jinsi ya kupata zege (chipsi mayai) nzuri mtaani kwako Dodoma

Iwe Majengo, Area C au Nkuhungu, nenda bandani kati ya saa moja na saa tatu usiku. Muda huo chipsi zinaisha haraka, kwa hiyo hazilali kabatini. Banda lenye bodaboda wanaosubiri kula ndilo la kuanzia.

Kabla ya kuagiza, tazama karai. Mafuta yawe ya njano, unaona chipsi chini. Yakiwa meusi, yanatoa povu zito na kuwasha macho, yamerudiwa mno, ondoka. Viazi vilivyomenywa viwe ndani ya maji, la sivyo vinakuwa vyeusi. Kiangazi upepo wa Dodoma hauna adabu, hivyo kabati la kioo lisilofungwa maana yake utatafuna mchanga.

Agiza mayai mawili na sema yavunjwe ukiona. Kazi yote iko kwenye kikaango: mafuta kidogo, chipsi kwanza mpaka zipate moto, ndipo yai lililopigwa na chumvi limwagwe kuzunguka. Fundi mzuri hupunguza mkaa hapo, husubiri kingo zishikane, kisha hugeuza kwa sahani. Moto ukiwa mkali, chini kunaungua na katikati yai linabaki bichi. Chipsi zikiingia za baridi, yai linaiva kabla hazijapata moto, na zege inameguka ikigeuzwa.

Kachumbari ikatwe papo hapo. Tomato (sosi ya nyanya) inayotiririka kama maji imeongezwa maji. Omba pilipili ya kuponda badala yake.