Kabla ya kwenda Pampa del Tamarugal: maji, mafuta ya gari na pa kukanyaga

Anza na maji. Hifadhi hii iko ndani ya jangwa la Atacama, kaskazini mwa Chile, mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua huko ni habari ya kusimuliwa. Ukiona msitu usidhani mto uko jirani. Mitamarugo, yaani miti ya msitu huo, hunywa maji ya chini ya ardhi kwa mizizi. Wewe huna mizizi, kwa hiyo beba lita nne au tano kwa kila mtu kwa siku.

Utashangaa kuona miti mingi imesimama kwa mistari kama shamba la mikorosho. Msitu wa asili uliishia kuwa kuni za migodi ya fedha na viwanda vya nitrati, na huu wa sasa ulipandwa, sehemu kubwa miaka ya 1960 na 1970. Kwa mtu wa Baringo, mtamarugo ni binamu wa mathenge, miiba na maganda ya kulisha mbuzi vikiwemo. Tofauti ni kwamba huko uko kwao, haukuja kuvamia malisho ya watu.

Jaza tangi katika mji wa Iquique au Pozo Almonte. Kutoka Pozo Almonte hadi Pintados, penye michoro ya kale ya kilimani, ni kama kilomita 45 kwenda kusini, na gari likizima hapo katikati utahangaika. Pakua ramani kwenye simu mapema. Koti usiliache hata kama mchana unatokwa jasho: usiku baridi ni kali, hasa Juni hadi Agosti, na asubuhi ukungu wanaouita camanchaca unaweza kuifunika barabara. Ukipanga kwenda katikati ya Julai, weka nafasi ya malazi mapema sana, kwani tarehe 16 ni kilele cha sikukuu ya kidini ya kijiji cha La Tirana na mahujaji hufurika.

Sasa michoro yenyewe. Pintados ina zaidi ya 400, iliyochorwa kati ya mwaka 700 na 1500 hivi: watu, ndege, lama wa misafara (mnyama wa mizigo wa huko, jamaa ya ngamia), maumbo ya ngazi. Wachoraji walikwangua kokoto nyeusi za juu mpaka udongo mweupe ukaonekana, au walizirundika kokoto hizo zikawa mstari. Ndiyo kusema mchoro mzima ni ngozi nyembamba ya mawe. Alama ya kiatu chako haitasafishwa na mvua, maana mvua haiji, na tairi ndiyo mbaya zaidi. Baki njiani, hata ukitamani kupanda juu kidogo upige picha. Droni usirushe bila kibali. Waulize walinzi saa za kufungua kabla hujatoka mjini.

Mimi ningeongeza darubini ndogo. Ukiwa chini unaona madoa meupe kilimani. Ukiiweka machoni, madoa yale yanaota miguu minne na shingo ndefu.