Somo: Karo la vyumba viwili na shimo lake, someni kabla ya kuja inboksi

Kila wiki naulizwa hili hili, namna ya kujenga karo (tangi la chini ya ardhi la maji machafu ya choo na nyumba), sasa naweka jibu hapa nipumzike.

1. Pima udongo. Chimba kashimo pale shimo la kunyonyea (linalopokea maji ya karo yazame ardhini) litakapokaa, loweka maji usiku kucha, asubuhi jaza tena uangalie. Yakigoma kushuka, hapo hapafai.

2. Kaa mita 30 au zaidi kutoka kisimani.

3. Vyumba viwili, cha kwanza kichukue theluthi mbili. Plasta ndani, lisivuje.

4. Bomba la kutokea. Hapa ndo niliharibu. Liwe chini ya la kuingilia kwa sentimita 5 hadi 7 na lifungwe tii (kiungo cha bomba chenye umbo la herufi T), mguu wake uzame majini. Mi fundi aliniambia tii ni urembo, nikaona naokoa hela, miezi 8 baadae maji yanachuruzika juu ya majani, kufukua shimo tunakuta mawe yamepakwa utando mweusi unateleza kama oili chafu. Juu ya karo kunaelea mafuta, chini linakaa tope, maji ya katikati ndo ya kutoka, sasa bila tii yale mafuta yote yanaenda kuziba udongo. Nilichimba shimo jipya. USIKUBALI wafukie hujaiona tii kwa macho yako!!

5. Bomba la hewa na mfuniko unaofunguka. Basi.

MASWALI

– Mkuu maji ya mvua niyaingize humo humo?
Hapana. Yanakoroga tope na kulisukuma nje.

– Likijaa namwaga dawa gani?
Umesoma kweli? Tope linanyonywa na gari, halimalizwi na dawa. Na klorini nyingi inaua bakteria wanaokufanyia kazi bure.

– Samahani mwalimu, ntajuaje limefikia kunyonywa kabla halijanuka?
Swali zuri hili. Zungushia mti mrefu kitambaa cheupe, zamisha mpaka chini kwenye chumba cha kwanza, subiri dakika chache, toa taratibu. Weusi utakuonyesha tope limefika wapi, likichukua theluthi ya kina ita gari. Ila usiiname kuchungulia, wala usishuke hata kama kitu kimedondoka, gesi ya humo inaua mpaka anayeshuka kuokoa.

– Mi nimeweka kachemba ka kunasa mafuta ya jikoni, nakachota mwenyewe.
Safi sana, hako kanasaidia mno.

– Nyongeza: pigeni picha na mpime kwa futi kabla ya kufukia, mfuniko wangu niliusaka siku mbili na sululu.
Hahaha pole. Naiongeza namba 6.