Namna ya Kusoma Neno la Pili katika Jina la Kisayansi la Mnyama

Neno la kwanza la jina la kisayansi hutaja jenasi, yaani kundi la viumbe wa karibu, na la pili, linaloandikwa kwa herufi ndogo, hutaja spishi, yaani aina yenyewe ndani ya kundi hilo. Hilo la pili mara nyingi ni kivumishi cha Kilatini, na kwetu Mwanza mahali pazuri pa kujifunzia kulisoma ni soko la samaki la Mwaloni, Kirumba.

Anza na maana. Shika dagaa wakavu kiganjani, uwageuzegeuze juani: mng'ao huo ndio unaotajwa katika Rastrineobola argentea, kwa kuwa argentea maana yake ni "-a fedha". Ngege ni Oreochromis esculentus, yaani "anayelika", na kwa utamu wa ngege naliona jina hilo kuwa la haki kabisa.

Kisha tazama mwisho wa neno, kwa maana hapo ndipo wengi hukwama bila sababu. Sisi husema mtu mweupe, kiti cheupe, nyumba nyeupe. Kilatini nacho hupatanisha, ila hubadilisha mwisho badala ya mwanzo, kwa kawaida -us kwa jinsia ya kiume, -a kwa ya kike na -um kwa isiyo ya kiume wala ya kike. Ngege alipokuwa katika jenasi Tilapia, ambayo ni ya kike, aliitwa Tilapia esculenta; alipohamishiwa Oreochromis, ambayo ni ya kiume, akawa esculentus. Ukikuta maumbo yote mawili vitabuni, usidhani ni samaki wawili: shika shina, esculent-.

Jina la mtu halifuati kanuni hiyo. Mwaka 1985 furu mmoja wa ziwa letu aliitwa Haplochromis nyererei kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, na ile -i ya mwisho ina maana ya "wa". Baadaye alihamishiwa jenasi ya kike, Pundamilia, neno la Kiswahili chetu, lakini nyererei halikuguswa.

Majina ya mahali yasomwe kwa tahadhari. Sangara, Lates niloticus, ni "wa Nile", naye aliletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950.

Neno refu livunje vipande. Yule korongo mkubwa anayesubiri matumbo ya samaki ni Leptoptilos crumenifer: crumena ni mkoba, -fer ni mbebaji. Mtazame shingoni, mkoba wenyewe unaning'inia.